Antena Iliyofukuza Mvua ya Ngungu

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka naona aibu. Ndevu zangu zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe, lakini kichwa kilikuwa bado cha kijana, na niliamini kwa moyo wote kwamba antena iliyowekwa juu ya kilima chetu hapa Ngungu ilikuwa inafukuza mvua.

Usicheke. Maharagwe yalikauka hadi majani yakawa yanalia chini ya miguu kama karatasi, na ng'ambo ya kilima mvua inanyesha. Kule juu Dada Neema, mwanafunzi aliyetoka Goma kufanya utafiti wake, alikuwa amesimamisha antena hiyo, kibao bapa, kama mlango wa jiko hivi, akisema kinaweza kubadili upande kinaotazama bila kusogea. Sokoni tukamalizia wenyewe: kikituelekea sisi, mawingu yanakimbia. Na mimi, niliyemaliza masomo ya usiku nikiwa tayari baba wa familia, ndiye niliyeieleza habari hiyo vizuri kuliko wote. Niliapa kwamba kibao kimeunguza mbuzi pembe. Mbuzi mwenyewe sikuwahi kumwona.

Basi Jumamosi ya salongo, tulipoitwa wanaume wote na majembe kufukia mashimo ya barabara, hakuna aliyegusa shimo. Tulipanda kilima kwenda kukivunja kile kibao.

Dada Neema alitusikia tukija. Hakukimbia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ordinatere, kompyuta yake, redio ndogo pembeni, akainua mkono mmoja tu, kama mtu anayewanyamazisha watoto kanisani. Jirani yangu Shukuru, kijana mwenye mikono kama magogo, alikuwa ameshainua jembe. Hapo redio ikasema, kwa sauti ya muganga wa santre, kituo chetu cha afya huko bondeni:

"Aline wa Papa Bahati amezaa, lakini damu haikatike. Dawa imeniishia. Motari iko wapi?"

Papa Bahati ni mimi. Aline ni binti yangu, ambaye mama yake alimpeleka santre alfajiri ile.

Niliangusha jembe langu, nikasimama kati ya Shukuru na kibao.

"Papa Bahati, si weye njo ulituambia kitu hii iko mubaya?"

"Ni miye. Basi unipige miye kwanza."

Jembe lilibaki hewani. Jasho lililonitoka lingemwagilia mashamba ya eneo letu lote la Masisi. Neema alieleza bila kugeuka kwamba motari, mwendesha pikipiki anayeleta dawa, yuko upande wa pili wa kilima, hajui daraja limevunjika, na vilima vimeziba sauti. Alibonyeza ordinatere ili kibao kitume sauti upande ule. Kibao hakikutikisika hata kidogo. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Nyuma yangu nilisikia wanaume wakianza kunung'unika. Akabonyeza tena, na sauti ya mtu anayehema ikatoka redioni.

"Ninasikia." Neema akamwambia daraja limevunjika. "Nipite wapi?"

Neema hakuijua njia nyingine. Shukuru aliijua. Alishusha jembe, akainama kwenye redio.

"Kaka, usishuke ku daraja. Pita juu, ku mikaratusi. Ukimbie, kaka."

Tulisubiri tumesimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa. Jua lilipita vichwani petu na kuanza kushuka ndipo muganga aliporudi redioni: damu imekatika, Aline amelala, na mutoto iko analia kama mutu ameibiwa ng'ombe.

Mwanangu, habari ikiwa tamu sana mdomoni mwako, hiyo ndiyo ya kuichunguza kabla ya kumpelekea mwingine. Mwenye kitu yupo, nenda kwake mikono mitupu, umuulize. Mungu akupe masikio yenye subira, mashamba yenye maji, na watoto wanaolia kwa nguvu.

Mimi niliuliza jioni ile ile, tukiwa tunashuka, maana moyo ulikuwa bado unasumbuliwa na yale mawingu. Neema alinijibu polepole.

"Papa, antena haiguse mawingu. Inachagua tu upande wa kutuma sauti. Mvua imechelewa, njo ile tu."