Mahubiri Yangu Mlangoni pa Duka

Mnicheke, lakini taratibu. Kanisa letu la Kimethodisti hapa Kiabakari limebaki na wazee watupu, nami mchungaji namwomba Mungu kila siku awarudishe vijana. Juzi asubuhi nikawakuta wamejaa mbele ya duka la ushirika. Nikaona maombi yamejibiwa! Nikasimama mlangoni nikahubiri mpaka jasho likanitoka.

"Nani yuko tayari kupokea?"

Mikono yote ikapanda. "Mimi! Mimi!"

Nikalia kwa furaha. Binti mmoja akanisogelea.

"Shikamoo, mchungaji. Tunaomba utupishe. Muuzaji yuko nyuma yako, ameleta sabuni tuliyoikosa miezi mingi. Kanisani tutakuja tukishafua. Na nguo hizi chafu tunaonaga aibu."