Ibada Chini ya Paa Bovu

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliialika jumuiya yetu ya kanisa nyumbani kwangu kwa hila. Nilisema ilikuwa zamu yangu tu. Haikuwa. Zamu ilikuwa ya nesi, jirani yangu, nami nilimbembeleza tubadilishane, kwa sababu masika yalikuwa yamekolea na mwenye nyumba wangu alikuwa mzee wa kanisa asiyekosa ibada ya nyumba kwa nyumba.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili mtaa wa Sakina, nimetoka chuo kikuu na shahada niliyoiamini kupita kiasi. Kodi ya mwaka mzima mwenye nyumba alishaipokea. Mvua ilipoanza, paa likavuja. Ilipozidi, silingibodi iliyolowa ikaanguka kitandani, juu ya mto kabisa. Bahati nzuri nilikuwa jikoni. Tangu hapo nikawa nalala sebuleni, nimejikunja kwenye kochi, na kila wingu lililoshuka kutoka Mlima Meru nililitazama kama mgeni mwenye mabegi. Paa lisipotengenezwa, pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu: kwa dada yangu kule Maji ya Chai, kitanda kimoja na watoto wake, ambao walikuwa bado wanakojoa.

Kulalamika nilijaribu. Shida ilikuwa shikamoo. Naingia dukani kwake nimejaa hoja za haki za mpangaji. Namwamkia, anaitikia marahaba kwa upole, anauliza kama wazazi hawajambo, anaagiza chai. Nikimaliza kikombe hoja zote zimelainika, naondoka nikishukuru. Na duka lenyewe lilikuwa la vifaa vya ujenzi! Enzi za uhaba aliwaambia wapangaji mabati hayapatikani. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, mabati yamejaa mpaka mlangoni, naye akaniambia, ameegemea rundo lake, "Haya ya siku hizi ni mepesi, mwanangu. Nasubiri yale mazito yarudi."

Ndipo nikaihamisha ibada.

Wiki nzima ilinyesha. Siku yenyewe jua likawaka. Nilijifungia chumbani nikamwomba Mungu mvua, mimi niliyekuwa nikimsumbua mwezi mzima aizuie. Kisha nikatoka nikamkalisha mzee kwenye kiti cha heshima, ambacho kwa heshima hiyohiyo nilikuwa nimekiweka chini ya tundu kubwa kuliko yote ya sebuleni.

Tulikuwa kwenye wimbo wa pili mvua ilipoanguka. Tone la kwanza lilitua kwenye upara wa mzee. Akalifuta, akaendelea kuimba besi yake. La pili likaangukia kitabu cha nyimbo. Baada ya hapo hayakuwa matone tena. Kina mama, bila kuacha kuimba, waliinuka wakaleta sufuria, beseni na ndoo ya unga. Mwinjilisti aliingiza Biblia ndani ya koti, akamwomba mzee atuongoze katika sala. Mzee akafumba macho, akamsihi Bwana amkumbuke binti yetu huyu, ampatie nyumba nzuri.

Sufuria zikaendelea kulia. Bibi mmoja aliyehamia mtaani karibuni akanong'ona, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Kwani hii nyumba ni ya nani?"

"Amina," akasema mwinjilisti haraka.

Mzee aliaga bila kungoja chai. Usiku ule nilianza kukunja nguo zangu, nikiamini nimejifukuzisha mwenyewe.

Jumatatu nikaitwa kwenye simu ya ofisi. Alikuwa mke wa mzee, kiongozi wa kina mama kanisani. Salamu yangu hakuingoja iishe.

"Jumuiya ijayo ni kwangu," alisema. "Nasikia wenzangu wanaulizana kama waje na miavuli. Mwavuli nyumbani kwangu hauingii."

Nikasema pole, mama.

"Pole ya nini? Baba yako ametoka hapa dukani na mafundi, mabati yako kwenye mkokoteni, na kwa aibu aliyonayo hawezi kukuuliza mwenyewe. Ufunguo umeuacha wapi?"