Feni Ndogo na Matambara

Kwenye kaunta ya duka la umeme mjini Kisii, mama mmoja alirudisha feni ndogo ya betri ya gari. Yeye na mumewe huuza nguo katika soko la Nyamira, na hulala ndani ya gari lao pamoja na mtoto mchanga.

“Haina kelele, lakini haisaidii. Asubuhi vioo vinatiririka maji, na mtoto anakohoa.”

“Inatoa hewa nje,” alisema mwenye duka, mzee wa Kihindi. “Nyingine inaingilia wapi, mama?”

“Nimeziba kila tundu kwa matambara. Mzee, baridi ya Nyamira unaijua?”

Mzee akanyonya hewa ya chupa tupu ya soda mpaka chupa ikang'ang'ania midomo yake, hewa isitoke tena. Mama akaelewa, akacheka, akaichukua feni yake.

Mimi, niliyekuwa nikisubiri nyuma yake na mwanangu mgongoni, sikucheka. Majirani huniuliza kila siku kofia yake iko wapi, asipate baridi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hewa inaingilia wapi.