Matawi ya Leleshwa

Gari langu lilizima barabarani karibu na Mai Mahiu. Nikafanya anachofanya kila dereva huku kwetu: nikavunja matawi ya leleshwa, nikayapanga juu ya lami nyuma ya gari. Lori likayakanyaga yote, likaligonga gari langu. Kampuni ya bima ya lile lori ikaniandikia kwamba kosa ni langu, eti sikuweka alama ya kuonya. Sikuweka? Mikono yangu ilinuka leleshwa siku mbili!

Nikaenda ofisini kwao Nakuru nikifoka peke yangu njia nzima. Mama aliyeshika faili langu akanisikiliza kwa upole.

"Boss, matawi si alama. Tunataka ile pembetatu nyekundu."

Akanifungulia picha alizopiga mkaguzi wao alipokwenda kuangalia mahali pa ajali. Nikatazama, nikaangua kicheko hadi askari wa mlangoni akachungulia. Pembeni mwa picha lilisimama gari la mkaguzi, jina la kampuni limeandikwa mlangoni. Nyuma yake, yamepangwa vizuri kuliko yangu, matawi mabichi ya leleshwa.

"Madam," nikasema nikijifuta machozi, "na huyu mumwandikie barua yake."