Mikoko Tuliyoipanda kwa Adabu

Mwalimu wa mazingira aliyekuja Siyu kutufundisha kupanda mikoko alitupeleka kwenye ufuo wa mchanga, mahali wazi ambapo bahari hupiga moja kwa moja. Sisi wanawake wa kikundi tukatazamana. Mume wangu na baba yake walikata boriti za mikoko maisha yao yote. Nilijua vyema kuwa mkoko hutaka tope, ndani ya mkono wa bahari palipotulia. Lakini kwetu mgeni haambiwi amekosea, tena mbele ya watu. Tukaitikia, "Naam, mwalimu." Tukapanda asubuhi nzima, mistari imenyooka kama safu za swala, tukapigwa picha.

Kusi ilipoingia na mawimbi yake iling'oa mingi, na iliyobaki ikakauka. Mwalimu aliporudi alivitazama vile vijiti vilivyokufa, akasema watu wa hapa hawajali miti. Nilifungua kinywa nimweleze, mwenyekiti wetu akanifinya mkono. Basi nikamkaribisha kahawa. Alipomaliza kikombe alifungua gunia la miche mipya, akatuonyesha mahali palepale.

"Naam, mwalimu," nikaitikia, tena mimi wa kwanza.