Siku Katekista Alipomkana Gloriose

Gloriose aliingia kijiji cha Kimuli akitokea Burundi, mtoto mgongoni, mume amemwacha kaburini. Aliyempokea ni Benadeta, mjane mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Wakristo, aliyempa chumba cha uani na Jumamosi akampeleka kwenye sala. Wanawake walimletea machipukizi ya migomba, mmoja akaleta kuku mtetea. Kiswahili chake hakikutosha kushukuru, basi akawaimbia wimbo wa kwao. Hata waliokuwa wamemnunia mgeni wakalainika.

Katekista Rwezaura, kiongozi wa kigango, kanisa dogo la kijiji, akasema mbele ya wote, "Huyu ni mtu wetu sasa."

Akamwingiza kwenye kwaya. Mtoto alipobatizwa Vero, Rwezaura mwenyewe alisimama kuwa baba wa ubatizo. Tena akampa alime kibanja, kishamba cha kigango nyuma ya kanisa, kilichojaa magugu ambayo hata mbuzi hawakuyataka. Gloriose alifyeka, akatandaza nyasi, akapanda migomba na kahawa katikati. Miaka ikapita, kahawa ikazaa hadi matawi yakainama.

Hapo ndipo maneno yalipoanza: ardhi ya kanisa inamneemesha mgeni, watoto wetu je? Mdogo wake Rwezaura ndiye aliyeyasema kwa sauti kubwa zaidi.

Asubuhi moja ya msimu wa kuchuma, maofisa wa uhamiaji walifika kukagua vibali. Gloriose alikuwa ameomba chake, majibu hayajatoka. Walipomuuliza nani anamfahamu, hakuwa na wasiwasi. Aliwaongoza mwenyewe hadi kanisani.

"Shikamoo, baba. Wanataka mtu anayenifahamu."

Rwezaura aliwatazama maofisa, kisha akakitazama kibanja.

"Namwona akilima hapa," alisema. "Ni kibarua tu. Alikotoka sijui."

"Baba! Si wewe uliyemshika Vero kwenye ubatizo?"

Rwezaura aliingia ndani, akafunga mlango. Gloriose akapandishwa gari.

Benadeta aliporudi kutoka mnadani alimkuta Vero analia kwa jirani. Kesho yake alimchukua mwenyekiti wa kitongoji, wakapanda bodaboda hadi ofisini.

"Nilipougua ndiye aliyeninywesha uji," aliwaambia maofisa. "Nitasemaje simjui?"

Mwenyekiti naye akamdhamini. Gloriose akaruhusiwa kurudi nyumbani kusubiri kibali.

Alikuta kahawa yote imechumwa, na mdogo wake Rwezaura anazungushia kibanja uzio. Wanakwaya wenzake, alipokutana nao kisimani, walimuuliza kama kule alikokuwa mvua imenyesha, kana kwamba alikuwa ametembea tu. Hilo ndilo lililomchoma kuliko mahabusu. Alijitwika ndoo yake, akaondoka bila kuwajibu.

Miezi kadhaa baadaye Rwezaura alibisha hodi kwa Benadeta. Benadeta, ambaye hajawahi kumnyima mtu kikombe cha rubisi, pombe yake ya ndizi, safari hii hakumpa hata kiti.

"Mama Vero," Rwezaura alisimama mlangoni, akamwambia Gloriose aliyekuwa akimenya ndizi, "askofu anakuja kutoa kipaimara. Kwaya imepwaya. Rudi utuongozee."

"Kibarua haongozi kwaya, baba."

"Usiseme hivyo. Watu walikuwa wananung'unika. Nililinda kigango kisigawanyike."

"Na mimi katika kigango hicho nilikuwa nani?"

Rwezaura aligeuzageuza kofia mikononi. Akasema atamwombea. Gloriose akaendelea kumenya ndizi mpaka sauti ya nyayo za Rwezaura ilipopotea njiani.

Kibali kilitoka, naye anaishi bado kwa Benadeta, wakilima pamoja. Jumapili anavuka kilima na Vero kwenda kusali kigango kingine, wanakaa benchi la karibu na mlango. Mwalimu wa kwaya wa huko amemsikia akiitikia, akamwomba ajiunge. Gloriose alimjibu, "Bado."

Vero, ambaye sasa yuko darasa la pili, huuliza mbona baba yake wa ubatizo hamletei tena miwa. Mama yake humwambia atembee haraka, misa imeanza.