Ndege ilituangusha kwenye migomba ya Kihanga, nikamtoa baba mkwe nimembeba mgongoni. Mnaouliza adabu iko wapi, njooni hapa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Mimi ndiye yule mwanamke wa kwenye klipu.

Ndiyo, yule mwenye sketi iliyochanika, kambeba mzee mgongoni, anatokea kwenye migomba huku moshi unafuka nyuma yake. Mmeicheka. Mmeiwekea muziki. Kuna mmoja humu kaandika "mkamwana wa kisasa, baba mkwe anabebwa kama mtoto". Nimesoma comment zote huku nanyonyesha.

Mlikuwa mnacheka, kumbe klipu hiyo hiyo ilikuwa inanitoa kwenye ndoa yangu.

Sasa leo naandika mwenyewe. Nilichokiona nitasema nimekiona, nisichokijua nitasema sikijui. Nimeishia kidato cha nne, sijasomea ndege. Lakini mimi nilikuwa ndani yake, nyie mlikuwa na bando.

Twende.

Baba mkwe wangu ni mkulima wa Bweranyange, migomba na kahawa, na ni mzee wa kanisa. Aliteleza akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni Mwanza. Alipopata nafuu daktari akakataa basi. Akasema barabara ile itamrudisha kwenye meza yake ya operesheni. Shemeji yangu mkubwa akakata tiketi za ndege. Mume wangu yuko machimboni Geita, alinyimwa ruhusa, ndiyo maana aliyekuwa anamuuguza mzee kule ni mimi, na mtoto wangu Alinda anayenyonya.

Kwa wasiotoka huku nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa kitu.

Kwetu mkamwana na baba mkwe hawashikani. Hata kikombe cha chai simpi mkononi. Nakiweka kwenye kigoda, nageuka, ndipo anachukua. Kiti chake sikalii. Jina lake silitaji. Si kwamba ananichukia, huyo mzee ananipenda kuliko baadhi ya wanawe. Heshima ya kwetu ndivyo ilivyo, nimeikuta na nimeishika tangu niolewe. Kule hospitali wauguzi ndio waliokuwa wanamgeuza na kumnyanyua. Mimi napika, nafua, nakaa mlangoni.

Ndege yenyewe ni ndogo, ina injini mbili na rubani mmoja. Kampuni siitaji, mods wasije wakaufuta uzi. Abiria tulikuwa wachache kiasi kwamba kabla haijaruka tulishajuana nani anakwenda wapi. Wauguzi walimsindikiza mzee mpaka kwenye kiti chake, upande wa kushoto. Mimi nikakaa nyuma yake.

Rubani, kijana tu, akatuambia tufunge mikanda.

Baba mkwe akaushika ule mkanda, akautazama kama kitu kilichomtambalia. Kuniuliza hawezi. Mimi kumwinamia kiunoni siwezi. Tukabaki hivyo, watu wazima wawili, mkanda unaning'inia.

Mbele kabisa, karibu na rubani, kulikuwa na mzee mmoja mnunuzi wa kahawa kutoka Songambele. Mcheshi huyo! Alinda alikuwa ameshamzoea tangu tuko tunasubiri. Akageuka, akaona tunavyohangaika, akaangua kicheko.

"Mzee mwenzangu, huo ni mkanda wa ndege, si wa suruali. Lete nikufunge."

Akamfunga. Tukacheka wote, hata baba mkwe.

Kufungua hakumwonyesha. Nani alikuwa anawaza kufungua?

Ukumbukeni huo mkanda.

Tumevuka ziwa vizuri. Nikaanza kuiona milima ya kwetu, migomba imejaa mabondeni, mabati yanang'aa. Nikasema moyoni leo nalala nyumbani.

Hapo ndipo injini ya kushoto ikaanza kukohoa. Inakohoa, inatulia, inakohoa tena, ndege nzima inatetemeka. Kisha moshi mweusi. Dirisha langu lilikuwa linatazama injini ile, sikuhadithiwa.

Tuliokaa kushoto wote tulipiga kelele. Rubani ana zile headphone kubwa masikioni, hasikii. Mnunuzi wa kahawa akamgusa bega, akamwonyesha kidole kushoto. Akamgusa tena. Rubani akapunga mkono nyuma bila kugeuka, kama mtu anafukuza nzi.

Halafu nikaona kitu ambacho hata leo nikifumba macho nakiona.

Kwenye dirisha la ng'ambo, propela ya kulia, ile nzima, iliyokuwa inazunguka vizuri kabisa, ikaanza kupunguza mwendo. Ikapunguza, ikapunguza, ikasimama.

Rubani kabaki na injini mbovu.

Na mbovu nayo haikuchukua muda, ikakohoa mara ya mwisho, ikakata.

Wakuu, mnajua ukimya? Hamjui. Ukabaki mluzi wa upepo tu, na mwanamke mmoja nyuma anasali Baba Yetu anarudia mstari ule ule.

Baba mkwe, bila kugeuka, akaniuliza, "Mama Alinda, mtoto umemshika?"

"Nimemshika, Baba."

"Mshike."

Basi. Nilishamfunga Alinda kifuani kwa kanga, nikamkunjia mwili wangu kama jamvi.

Tuliangukia kwenye kibanja cha mtu, shamba la migomba, Kihanga. Kama ingekuwa mawe nisingekuwa naandika. Bawa lilifyeka migomba mfululizo, ndege ikateleza kwenye zile nyasi na majani makavu tunayotandaza shambani, ikapinda, ikagonga tuta, pua ikazama kwenye udongo. Vumbi. Vyuma vinalia. Halafu harufu ya mafuta, imechanganyika na ya migomba iliyovunjika.

Alinda akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Ubavu wa ndege ulikuwa umefunguka karibu yangu. Nikatoa kichwa, nikaona mwanamke anakuja mbio kati ya migomba, mundu mkononi, ule wa kukatia majani. Hajauliza mimi nani. Akanyoosha mikono.

"Leeta omwana!"

Nikampa mtoto wangu. Mtu ambaye sijui hata jina lake. Sasa nalijua, anaitwa Mama Evelina, wazazi wake walitoka Burundi, ni kibarua wa palizi kwenye kibanja kile. Akamlaza Alinda mbali, chini ya mibuni, akarudi. Narudia kwa wanaume mnaosoma: AKARUDI.

Wengine walikuwa wanatoka, wanavutana. Abiria wawili walimtoa rubani, mguu umevunjika. Mnunuzi wa kahawa mbele kule alikuwa amelalia upande. Nilipenya mpaka kwake, nikamshika shingo. Alikuwa ameshaondoka. Wote tulitoka isipokuwa yeye.

Nikageuka kwa baba mkwe. Yuko kitini, mzima, ana akili zake, anauvuta ule mkanda. Anavuta tu. Kadiri anavyovuta ndivyo unavyombana.

"Baba, si kuvuta. Unanyanyua hicho kibati."

Hakunielewa, akazidi kuvuta. Nikanyoosha mkono.

Mzee akaupiga mkono wangu.

"Usinishike! Toka nje, uwaite wanaume!"

Mafuta yananuka, wakuu. Mahali fulani kuna kitu kinatoa cheche, tsss, tsss. Na mzee anataka wanaume!

Nikachungulia nje kuwatafuta hao wanaume. Walikuwepo. Wamepanga mstari juu ya tuta, simu mkononi. Nikawaita, "Jamani njooni, kuna mgonjwa!" Mmoja akanijibu, "Mama ondoka, hiyo inalipuka!" Huku anarekodi.

Hao ndio waliowaletea klipu.

Nikarudi kwa mzee. Nikamwambia hivi, na sijutii hata neno moja:

"Baba, habari ya adabu tutaiongea tukiwa hai. Wanaume wanapiga picha."

Nikamshika kiunoni. Kile kibati kilikuwa kimepinda, hakinyanyuki. Mama Evelina akapenyeza mundu wake kutoka upande wa pili, akakata mkanda kama anakata mgomba. Nikampa mzee mgongo, nikavuta mikono yake mabegani mwangu, nikainuka.

Ana nyonga ya operesheni huyu. Alitoa sauti ambayo sitaieleza hapa. Akavua kofia yake, akajifunikia uso.

Tumetembea. Mama Evelina mbele anafyeka njia, mimi nyuma. Hata kwenye klipu mnaona midomo ya mzee inacheza, na kuna mtu kaandika eti alikuwa ananilaani. Nawaambia alichokuwa anasema, maana kilisemewa sikioni kwangu: "Kulia kwako kuna shimo la mgomba. Haya. Sasa nyoosha." Mkulima ni mkulima tu, hata akiwa mgongoni kwa mkamwana wake.

Tulikuwa tumefika kwenye mibuni moto ulipowaka.

Sasa nije kwa kampuni.

Walikuja hospitali na maua na juisi za boksi. Bwana mmoja wa tai akasema ni hitilafu ya kiufundi, tumshukuru Mungu. Nikamwambia Mungu nitamshukuru mwenyewe, hahitaji msemaji, na Mungu hakuzima injini nzima akaacha mbovu. Akaniangalia kama vile kitanda ndicho kimeongea.

Wodi ya pili alikuwa amelazwa rubani. Nilimwendea. Ndugu zake walitaka kunizuia, nikapita.

Akaniambia, "Mama, nilichanganya. Nilizima isiyo yenyewe."

Nikamwambia, "Mzee wa kahawa alikugusa bega. Mara mbili."

Akageukia ukutani.

Baadaye wachunguzi walipotuita familia walisema hilo hilo: ya kushoto ilifeli, akazima ya kulia. Kwa nini ya kushoto ilifeli hawajatuambia, na mimi nasubiri, siendi popote. Injini ni chuma, chuma kinaharibika. Binadamu anachanganya, naelewa. Lakini kuambiwa na mtu anayeona kwa macho, ukampungia mkono? Hapo sisamehei haraka, mnivumilie.

Tumerudi nyumbani, nadhani yameisha. Klipu ikatangulia kufika.

Shangazi wa mume wangu, dada yake baba mkwe, akaja na kanga yake ya kikao. Hakuniuliza umepona? Hakumuangalia mtoto. Akakaa sebuleni akatangaza kwamba mkamwana akimbeba baba mkwe nyumba imekwisha baraka, mimi nirudi kwetu mpaka wazee wakae. Akasema, "Hata kama ni ndege. Angesubiri wanaume."

Nikampigia mume wangu simu. Akasema, "Subiri kikao, nitaongea na shangazi." Nikamwambia usiongee na shangazi, ongea na mkeo. Akasema anaomba ruhusa aje. Alikuja, sikatai.

Nikafunga begi langu mwenyewe. Sikulia. Nilisema wakinitoa nitatoka kwa miguu yangu, na mtoto wangu.

Siku ya kikao ukoo ulijaa. Mimi niko jikoni na wanawake, nasikia kila kitu. Shangazi akaongea kwa muda mrefu. Klipu ikazungushwa, wazee wakaitazama kwa zamu, wengine wanatingisha kichwa. Mmoja akasema, "Lakini huyu binti ana nguvu jamani." Akakatazwa.

Kisha nikasikia sauti ya baba mkwe.

"Mama Alinda. Niletee rubisi."

Nikamimina hiyo pombe ya ndizi kwenye kibuyu chake, nikaingia. Nikaenda kwenye kigoda kama kawaida yangu, nikainama kukiweka.

"Usiweke hapo," akasema. "Nipe."

Sikuelewa. Akanyoosha mkono. Mkono wa kulia, ule ule ulionipiga ndani ya ndege. Ukabaki hewani, na watu wote wanautazama.

Nikampa. Mkononi.

Akanywa. Hakuharakisha. Akamgeukia dada yake.

"Dada, mimi ndiye niliyemkataza asinishike. Nilikuwa nakufa na adabu yangu kiunoni, nimefungwa nayo. Angenisikiliza, rubisi hii mngekuwa mnainywa kwenye msiba wangu. Huyu haendi popote. Anayetaka kusafisha nyumba achukue ufagio."

Kuna mtu alicheka, halafu wakacheka wengi. Shangazi alikunywa akaondoka mapema. Bado hatusalimiani vizuri, na sina haraka.

Kigoda nakitumia mpaka leo, wasije wakasema nimeiua mila. Chakula nakiweka pale pale. Heshima naijua. Ila sasa tunajua mimi na yeye kwamba kuna siku kigoda hakifiki.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipanda chombo chochote, mkanda jifunze kuufungua kabla hujaufunga, na mfundishe uliyenaye, awe mkwe, awe askofu. Ukiona moshi, piga kelele, na usipungiwe mkono ukanyamaza. Na wewe mwenye simu juu ya tuta, simu ina mfuko. Iweke humo, ushuke.

Familia ya mzee wa kahawa kule Songambele, kama mnasoma, mtu wenu alikuwa sahihi. Nimelisema kwa wachunguzi na nitalisema popote nitakapoitwa.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye maswali ya ndege ulizeni, nitajibu ninachojua. Wenye maswali ya adabu nimewaletea mzee mwenyewe, yuko hapa barazani ananisikia nikisoma kwa sauti.

Juzi alikuwa anakwenda kliniki kwa gari la mchungaji. Wamemkalisha mbele, wamefunga mlango, dereva kawasha. Mzee akashusha kioo, akaniita nilipokuwa naanika maharage, mbele ya mchungaji na kila mtu:

"Mama Alinda! Hebu njoo unionyeshe. Huu nao unafunguliwaje?"